Kwato na Mkeka

9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua itafika huko imechoka kwa safari ya posta, basi ipokee hivyohivyo na uipe kiti. Mimi mzima. Chumba nilichopanga ni kidogo, kitanda na meza vinagombania ukuta mmoja, lakini dirisha linafunguka na mwenye nyumba hana neno. Nguo ulizonishonea zimenikaa vizuri. Watu wa kazini wananiuliza fundi wangu ni nani, nami nawajibu kwamba hiyo ni siri ya ukoo.

Wewe je, magoti yanasemaje? Jirani yetu Mwalimu bado anasahihisha matangazo ya redio? Na mkewe, bado anakopa chumvi na kurudisha maneno?

Uliniuliza hasa nafanya nini, maana ukiwaambia watu nasomea uyoga wanakucheka. Waache wacheke, ni kweli. Nashinda kwenye ghala lenye makabati mpaka darini, na kila droo imejaa kuvu za miti, zile ngumu zinazoota ubavuni mwa shina kama rafu, ambazo huwezi kuzila hata ukiwa na njaa ya kufa. Kila moja ina jina lake na kikaratasi cha kusema imechumwa wapi, kwenye mti gani na nani. Kwa chini zina vitundu vidogovidogo, na humo ndimo zinamotoa mbegu zake, vumbi laini kuliko unga. Tunahesabu vitundu, tunapima mbegu kwa hadubini, ndipo tunasema huyu ni wa ukoo huu na yule wa ukoo ule.

Mimi nimepewa mbili. Majina yake ya kitaalamu ni marefu, kwa hiyo hapa ghalani tunaziita Kwato na Mkeka. Kwato imetokeza kwenye shina, nene, kama kwato ya ng'ombe. Mkeka ni nyembamba, imejitandaza kwenye gogo na kuling'ang'ania. Vitabu vyote vinasema hizi ni aina mbili. Mimi nikizitazama kwa hadubini naona ni kitu kimoja kilichobadili nguo. Nilimwambia Profesa. Akasema, "Kudhani si kujua. Nionyeshe."

Ndipo nikaukumbuka mzambarau wetu pale uani. Ule uyoga mgumu ulioota upande wa chumba chako, ambao nilikuwa naukanyaga nikitaka kupanda, nina hakika ni Kwato. Naomba unibandulie mmoja unitumie.

Na kuna jambo jingine linaloninyima raha. Uyoga ule ukiuona nje, ujue moyo wa mti umeshaliwa ndani. Na mti wenyewe umeinamia chumba unacholala. Tafadhali, mwite mkata miti.

Wako,
Chiriku

2 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Shikamoo yako imefika, nimeipa kiti na maji ya kunywa. Magoti yapo, yananung'unika lakini yanakwenda. Mke wa Mwalimu ameacha kukopa chumvi, siku hizi anakopa sindano, na sindano hata maneno harudishi. Shule zimefunguliwa, nimezama kwenye mashati meupe hadi shingoni. Mzambarau nao haujui kama kuna shule, unadondosha zambarau zake juu ya kamba ya nguo. Jana nimefua mashati upya huku nautukana.

Uyoga wako huo kwenye kifurushi. Nimeubandua kwa patasi ya Mwalimu, na Mwalimu mwenyewe amesimama pembeni ananifundisha kushika patasi, mtu ambaye hajawahi kupigilia msumari ukaenda sawa. Ulikuwa mchafu, mwanangu. Una vijidudu, una vumbi la kahawia chini yake lote. Nikasema, kitu kinatoka kwetu kinakwenda mbele ya maprofesa, hakiwezi kwenda namna hii. Nimeusugua kwa brashi na sabuni juu na chini, nikauanika, nikaupaka mafuta ya nazi. Sasa unang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Wasije wakasema umelelewa na watu wasiooga.

Mti sikati. Chini yake ndipo ninapoweka cherehani jua likiwa kali. Na ile kamba ya kuanikia aliifunga mama yako, wifi yangu, akiwa na mimba yako, na fundo lake mpaka leo halijalegea. Mti umeinama tangu mimi msichana. Kama ni kuanguka ungekwisha kuanguka.

Huwezi kukumbuka wewe, lakini hapohapo chini ndipo ulipokuwa unatambaa baada ya kumzika mama yako. Siku moja ukaniangalia ukaniita mama. Lilikuwa neno lako la kwanza. Nilikukataza palepale, nikakwambia mimi ni shangazi, jina hilo lina mwenyewe. Ulilia, kisha ukazoea. Sijui kwa nini nimelikumbuka leo. Labda ni kwa kupiga magoti chini ya mti na patasi, mtu mzima mimi.

Kula vizuri. Usisome kwa taa mbovu.

Shangazi yako

20 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na asante kwa mkono wako. Kifurushi tulikifungua mbele ya Profesa. Ghala zima likanukia nywele za bibi harusi. Profesa akaugeuzageuza uyoga, akaniuliza kwa upole kama umetoka duka la samani. Nilicheka mpaka nikatoka nje, na huko nje nikalia kidogo, kwa sababu nilikuona na brashi yako.

Shangazi, lile vumbi la kahawia ndilo nililolitaka. Ndizo mbegu zake. Na mafuta yameziba vitundu, hakuna hata kimoja ninachoweza kukipima. Uyoga wako nimeuweka mezani kwangu, naweka kalamu juu yake. Sitautupa.

Naomba mwingine. Safari hii usiuoshe, usiufute, usipunguze kitu wala kuongeza. Ukate pamoja na kipande cha gome unaloshikilia, na udongo wake, na wadudu wake kama wamo. Ufunge kwenye gazeti. Hapa hatutafuti kitu kizuri, tunataka kitu kama kilivyo.

Kuhusu mti, fundo la mama linaweza kufunguliwa na kufungwa kwenye nguzo. Wewe nikikupoteza, nitakufunga wapi? Mwite mkata miti. Nakuomba kwa heshima zote, na heshima zikiisha nitakuja kukuomba kwa kelele.

Wako,
Chiriku

28 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata barua yako tangu ile ya kifurushi. Kila jioni mwenye nyumba akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijauliza. Huko kwenu nasikia mvua zimekuwa kubwa. Kama ni uyoga ndio unaokuchelewesha, achana nao. Niandikie tu mstari mmoja kwamba upo.

Chiriku

25 Juni

Chiriku wangu,

Marahaba zote mbili. Nipo. Usiushangae mwandiko, kalamu hii ina kichwa kigumu na mimi sina subira nayo. Mvua zilikuwa kubwa kweli, sasa zimekatika. Kushona nimepumzika kidogo, nilishashona vya kutosha duniani. Jogoo wa Mwalimu ananiwikia sikioni kila alfajiri, na mwenyewe Mwalimu anasahihisha hata namna anavyowika.

Mti upo palepale uani. Haunisumbui, nami siusumbui. Hata mashati hauyachafui tena. Kwa hiyo toa wasiwasi.

Usije. Nakujua, umeshaanza kutafuta mkoba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe umeshainama, usiinue kichwa mpaka ukipate. Uyoga nitakutumia nikipata nafasi.

Shangazi yako

14 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Nimefurahi kwamba upo. Mwandiko ule sikuupenda, lakini sitagombana na kalamu.

Kazi inakwenda vizuri. Profesa ni mtu mwema. Nimeshapitia droo zote za Kwato na droo zote za Mkeka, mbegu zinafanana, vitundu vinafanana, naye anasema hata watu wasio ndugu huweza kufanana. Anachotaka ni kuziona zimeungana. Nimemwambia nitampata huyo aliyeungana. Yeye ananitazama tu na kusema tutaona.

Nakukumbuka sana jioni. Hapa hakuna mlio wa cherehani na nyumba inakuwa kimya mno.

Chiriku

3 Oktoba

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu, na unisamehe kwa kukaa kimya. Sisi huku wazima. Mwalimu ameota kitambi, mkewe anasema ni hewa. Mimi nakula, nalala, nacheka.

Kifurushi chako hicho. Nimefuata amri yako neno kwa neno. Sikuosha, sikufuta, na mke wa Mwalimu alipotaka kuupangusa kwa kanga yake nilimpiga kofi la mkono. Ndiye aliyefunga gazeti na kuandika anwani, ana mwandiko wa kupendeza kuliko wangu. Umekatwa na gome lake kama ulivyotaka. Ni mchafu, naona aibu kuutuma. Ila umesema kama kilivyo, basi ndio huo kama ulivyo.

Wakikucheka, waambie shangazi yako angeweza kuupaka mafuta.

Shangazi yako

1 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Safari hii sina salamu ndefu. Nimekaa na uyoga wako siku nzima na nataka kukuuliza jambo moja, nawe unijibu kama nilivyokujibu mimi nilipokuwa mtoto, bila kona. Mti ulianguka lini?

Nisikilize nikwambie nilivyojua. Kuvu hizi zina tabia moja zisiyoiacha. Vitundu vyake lazima vitazame chini, ardhini, ili mbegu zidondoke. Mti ukiwa umesimama, uyoga unatokeza ubavuni na vitundu viko chini yake. Mti ukilala, uyoga nao unalala, vitundu vinabaki vimetazama pembeni, havifai tena. Basi uyoga haufi wala haulalamiki. Unaanza kuota upya kutoka pale ulipo, na sehemu mpya inageuka kuitafuta ardhi. Ukiukata katikati unaona wazi: hapa ulikuwa umesimama, hapa umelazwa, hapa umegeuka.

Uyoga wako umegeuka, Shangazi. Sehemu ya zamani ni kwato kamili. Sehemu mpya imetandaa kwenye gome, nyembamba, na unene wake si wa wiki moja wala mbili. Ni wa tangu mvua.

Nilitaka kujiambia kwamba uliukata mti, ukauacha ulale, ukasahau kunisimulia. Lakini kuvu hizi zikikua hazisukumi kitu pembeni, zinakimeza. Kijiti, jani, chochote kilicho njiani. Ndani ya ile sehemu mpya nimekuta kipande cha lipu, na juu yake kina rangi ya buluu. Ile buluu tuliipaka pamoja, mimi chini na wewe juu, tukabishana kama ni buluu au kijani. Ni ya ukuta wa chumba chako cha kulala.

Niliposoma tena barua zako nikaona kila kitu nilichokuwa nimekataa kukiona. Mti upo palepale, haukusema umesimama. Jogoo wa Mwalimu anakuwikia sikioni, na nyumba yake iko ng'ambo ya ua. Mwandiko ule. Unalala wapi, Shangazi? Umeumia nini?

Mimi nami nilikuficha. Niliandika kazi inakwenda vizuri wakati Profesa alishaniambia kwamba mwaka ukiisha sina cha kumwonyesha, nafasi yangu anapewa mwingine. Sikutaka uniambie nirudi, wala sikutaka uniambie nisirudi.

Na sasa sikia, maana sijui nilie au nicheke. Ile sehemu ya uyoga wako iliyoota mti ukiwa umesimama ni Kwato. Ile iliyoota baada ya mti kuanguka ni Mkeka. Mwili mmoja, mbegu moja. Ndicho nilichokitafuta mwaka mzima, na kimekuja kimefungwa kwenye gazeti na mke wa Mwalimu. Profesa alikaa nacho kwenye hadubini mpaka chai yake ikapoa, kisha akanyoosha mkono akanipa hongera. Mti uliokuvunjia nyumba ndio ulioniokoa.

Kwa hiyo majina mawili sasa yanabaki moja. Ipo sheria ya jambo hili, nayo haina huruma wala upendeleo. Jina lililotolewa kwanza ndilo linalobaki, hata kama la pili ni zuri zaidi, hata kama watu wote wamelizoea miaka na miaka. La pili linaandikwa chini yake kwa herufi ndogo, kwa kumbukumbu. Kwato lilitolewa kwanza, kwa hiyo Mkeka linakwenda. Profesa alisikitika, alilipenda.

Kwenye kikaratasi cha droo nimeandika mzambarau. Panaposema mti umesimama au umelala, nimeacha wazi, nakungoja wewe. Panaposema aliyechuma, nimekuandika wewe.

Naomba ruhusa ya kuja. Naiomba tu kwa adabu, nitakuja hata ukininyima.

Chiriku

16 Novemba

Chiriku wangu,

Umenikamata. Nimewaziba midomo wenye macho wote wa mtaa huu, nikaja kusemwa na uyoga. Mwalimu amecheka mpaka akakohoa, akasema mwongo aombe asiwe na mpwa msomi.

Basi nakujibu bila kona. Ulianguka mwezi wa nne, mchana, hata upepo haukuwepo. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi na jua likatoka, nikasema niingie chumbani nichukue kitambaa. Nikasikia kama mtu anapasua shuka kubwa. Paa likaingia ndani na ukuta wa buluu ukaja nao. Mimi nilikuwa bado mlangoni, tawi likanipata mkono wa kulia, ukavunjika pawili. Kichwa hakikuguswa, usianze kulia. Mwalimu na mkewe walinitoa, na tangu siku hiyo nalala kwenye chumba chao cha nyuma, na jogoo wao dirishani. Ile barua ya Juni niliiandika kwa mkono wa kushoto, neno moja nikipumzika. Hii naandika kwa wa kulia. Ona mistari inavyopanda mlima, lakini ni wa kulia. Kushona bado. Vidole havijui kushika sindano, vinaiona kama mgeni.

Ulinionya, na mimi nikakujibu kwa kiburi. Moyo wa mti ulikuwa umekwisha kabisa, Mwalimu aliingiza mkono mpaka kwenye kwapa hakugusa kitu. Fundo la mama yako limesalimika. Kamba nimeikata pande zote mbili, fundo liko chini ya mto wangu.

Kwa nini sikukwambia? Kwa sababu ungeacha kila kitu uje unifulie. Nilikulea nikiwa na nguvu na nilijua namna yake. Kulelewa sikujui, mwanangu, na niliona aibu nisiyoweza kuieleza. Nikaona bora nikuletee barua iliyooshwa na kupakwa mafuta. Halafu ukasema hamtaki vilivyooshwa.

Kuhusu kikaratasi chako, andika mti umelala. Ndio ukweli.

Na sasa hiyo sheria yenu. Nimeisoma, nikamsomea Mwalimu, nikaisoma tena peke yangu nimekaa juu ya gogo lenyewe pale uani. Jina la kwanza ndilo linalobaki, hata kama watu wamezoea la pili miaka na miaka. Nikafikiri, yupo mtoto mmoja alinipa jina chini ya mti huu, mimi nikamnyang'anya mdomoni kwa sababu lina mwenyewe. Nilidhani nalinda haki ya wifi yangu. Lakini yeye alifunga kamba ili nguo zako zikauke, hakuifunga ili ukose wa kumwita. Nafikiri angenigombeza, tena kwa sauti.

Njoo. Ruhusa nimekupa. Ukifika usiende kwenye nyumba yetu, haina paa, pita kwa Mwalimu chumba cha nyuma. Mke wake ameshatandika kitanda cha pili na ameazima shuka zangu mwenyewe kukitandika. Mimi nitakuwa nje nakungoja, na utaniosha nywele, maana kwa mkono mmoja haziwezekani, na nimechoka kumwomba mtu asiye wangu.

Nimeandika mengi nikasahau kuitikia shikamoo yako. Lile jina langu la pili liandike chini, kwa herufi ndogo, nimelipenda pia.

Marahaba, mwanangu.

Mama